Siku Mke Wangu Aliposema Hanijui

Ukishautundika mzinga, shuka mtini uende nyumbani. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Waliosoma wana vyeti, mimi nina neno hilo moja, na nyumba hii ya bati nimeijenga kwa neno hilo, kwa asali na nta, bila kurithi hata mpini wa jembe.

Vijana wa kigango mmeniomba niandike namna ya kushinda wasiwasi. Mwenyekiti wenu alinijia na kalamu mkononi, akasema, "Shikamoo babu. Wewe hata mvua ikichelewa hatukuoni ukihangaika. Tuandikie siri yako." Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi? Kungekuwa na mashindano ya wasiwasi Biharamulo nzima ningeyashinda, kisha ningeanza kuhofia kwamba watakuja kuninyang'anya kombe. Shule niliiacha darasa la pili. Sikufukuzwa, niliondoka mwenyewe kwa hofu kwamba nitafukuzwa. Sasa mnajua mnayesoma maneno yake ni mtu wa namna gani. Na mkikuta herufi imekaa vibaya, iacheni ikae.

Kazi yangu ilikuwa kurina asali msituni. Nilifundishwa na Mzee Zakaria, katekista wetu. Alikuwa mfupi, mkavu kama gome, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, lakini akiukumbatia mti ulidhani ni mti unaomvuta juu. Ukatekista alisomea Rulenge. Padre alifika kwetu mara chache, kwa hiyo Zakaria ndiye aliyetuzika, ndiye aliyetufundisha sala, ndiye aliyetugombeza. Jumapili alikuwa kanisani na siku nyingine msituni, na alisema kazi zote mbili ni moja, ni kazi za kungoja.

Mzinga wetu ulikuwa gogo la mninga lililochimbwa, au gome la mti wa mtundu lililoviringishwa na kushonwa kwa kamba za miti. Ndani unapaka nta kidogo, unasugua kwa mchaichai, unaziba pande zote mbili na kuacha tundu. Unapanda, unautundika kwenye tawi lenye kivuli, mlango ukiupa upepo mgongo. Basi. Nyuki huwezi kumfunga kamba kama mbuzi. Atakuja akitaka. Siku hizi ninyi wa mizinga ya masanduku mnahamisha kundi zima kwenye pikipiki, mmevaa nguo nyeupe na nyavu usoni kama mabibi harusi. Sisi tulimwachia Mungu nyumba tupu, tukamwambia atafute wapangaji, tukaenda kulima.

Mimi hilo la kwenda kulima sikuliweza. Mizinga yangu ya kwanza niliizungukia kama mama mwenye mtoto wa homa. Leo nipo chini ya mti, shingo juu. Kesho nipo tena. Nyuki walipoingia nilifurahi nusu siku, kisha nikaanza kumwogopa nyegere, maana mnyama huyo akiupata mzinga anaupasua kama karanga. Nikawa nagonga gogo kwa kijiti nisikie kama bado wamo. Nikawa napanda kuchungulia. Asubuhi moja nikagonga, kimya. Nikapanda, mtupu. Masega yananing'inia kama nguo za mtu aliyekimbia.

Nilimkimbilia Zakaria. "Mzee, nyegere amenimaliza!"

Alikuja taratibu, akalipapasa shina, akaangalia chini. "Hapa hakuna kucha za nyegere," akasema. "Kuna nyayo zako, zimekuwa barabara. Nyuki wamekuona wewe ndiye nyegere."

Akaondoka. Hakunipa pole hata moja.

Alikuwa na namna yake ya kupanda. Kwanza anavua kofia, anasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua: "Bwana, mkono ni wangu, mengine ni yako." Kisha anapanda. Sala hiyo tu. Nilipomuuliza kwa nini haombi ulinzi, haombi asali nyingi, alinijibu, "Nimeshasema mengine ni yake. Nianze tena kumhesabia?"

Sikilizeni na hili, ni la kazi. Nyuki hanusi manukato tu, ananusa jasho la mtu anayeogopa. Mkienda kurina, msile kitunguu, msivae nyeusi, msipumue mlangoni mwao. Rineni jua likizama, wanapokuwa wamerudi na wamechoka, na moshi uwe wa polepole, wa kienge cha nyasi kavu na gome, siyo wa kuwaunguza. Wakikutua usoni, usipunge mikono. Simama kama kisiki, pumua kwa pua. Anayepunga mikono anawaita na ambao hawakuwa na habari. Masega yenye majana, yaani watoto wao, yaache. Ukila watoto wa mtu, usitegemee atakukaribisha mwakani.

Haya yote niliyajua kichwani. Kichwani mimi nilikuwa fundi mkubwa.

Serikali ilipotuhamishia kijiji cha ujamaa, mizinga yetu ilibaki nyuma, mbali, huku sisi tukipangwa kwa mistari kando ya barabara, kila mtu na kiwanja chake, jirani zako wapya wote. Kulia kwangu alikuwa Mhangaza, kushoto familia iliyotoka Burundi miaka ya nyuma, mbele Msukuma mwenye ng'ombe. Watu wema, lakini hatukujuana. Mimi sikuwaza nyumba, sikuwaza choo, niliwaza mizinga. Nani ataiangalia? Moto wa msituni je? Wezi je? Nilikonda mpaka balozi wa nyumba kumi akaniuliza kama naumwa malale, maana mbung'o walikuwa wengi njia ile. Shamba la kijiji lilitubana, hapakuwa na ruhusa ya kuzurura msituni, kwa hiyo masika yote sikuiona mizinga yangu hata mmoja.

Tulipopata nafasi, mimi na Zakaria tulikwenda. Njiani nilishaililia. Tulipofika, kila gogo linanguruma. Mingine ilikuwa mizito mpaka tawi limeinama. Haikuwahi kujaa hivyo tangu nianze kazi.

"Umeona?" Zakaria akasema. "Umewakosea masika yote kwa kutokuja, nao wamekulipa."

Mngedhani somo lilikwisha pale. Halikwisha. Mtu mwenye wasiwasi akiponyeshwa shauri moja anahamia jingine, kama kupe. Mizinga nilipoiacha, nikahamia kwa mke wangu.

Anastazia alikuwa mwanamke wa maneno machache na makali. Tulikuwa tumezika watoto wawili, mmoja hakupumua kabisa, mwingine alipumua asubuhi tu. Kisha ikapita miaka bila kitu. Vita vya Kagera vilipoanza, alikuwa mjamzito tena, mimba imekomaa. Basi mimi nikawa mlinzi wake. Akikohoa, naruka. Akilala, naweka sikio nisikie pumzi. Akinyamaza, nauliza, "Unasikia nini?" Anajibu, "Nakusikia wewe." Nilikuwa namgonga kwa kijiti kama mzinga, vijana, lakini wakati huo sikuliona.

Vita vilileta mambo mengine. Malori yalichukuliwa kupeleka askari kaskazini. Dukani hakukuwa na sukari, chumvi kwa bahati, sabuni tuliisikia kwa jina tu. Tulikatazwa kuwasha moto nje giza likiingia, na moshi msituni ulikatazwa kabisa, ili ndege za adui zisione palipo na watu. Mgambo waliwekwa kwenye kizuizi mwisho wa kijiji, na kila asiyejulikana alihojiwa. Walitangaza kwamba nduli anatuma wapelelezi wanaopita porini. Sisi tulio upande huu mabomu hatukuyaona, lakini hofu ilikuja bila kusubiri lori.

Mimi nikapata hofu yangu ya ziada: uji wa mzazi. Mke wangu atajifungua, atanyweshwa uji usio na utamu, maziwa hayatatoka, mtoto atakufa. Mnaona hesabu za mtu mwenye wasiwasi? Anaanzia kwenye kijiko cha sukari, anamalizia makaburini. Nikaamua kwenda kurina asali.

Nilimweleza Zakaria. Akasema, "Bila moshi? Mchana? Ngoja."

"Nikingoja atajifungua."

"Hata usipongoja atajifungua. Nani amekwambia anazaa kwa ratiba yako?"

Asubuhi nikamuaga Anastazia kwamba nakwenda shamba la kijiji. Nilimficha ili asipate wasiwasi, mimi, mwenye kiwanda cha wasiwasi. Nikavaa gunia juu ya shati, nikachukua debe na panga, nikaingia msituni kwa njia ya nyuma.

Sala ya Zakaria sikuisema. Nilikuwa na haraka. Nilipanda nikitetemeka na jasho likinitiririka, jua limesimama, bila moshi hata wa sigara. Nilipofungua kizibo cha mzinga nilipumua ndani kama mvukuto.

Sitaeleza sana. Walitoka wote. Nilichosahau kwanza ni kile cha kusimama kama kisiki, kwa kuwa kisiki hakijaribu kuteremka mtini kwa kuruka. Walipoingia ndani ya shati nilivua vyote, shati nikalitupa, gunia nikajitupia tena. Nilipofungua mdomo nimwite Mungu, mmoja akaniuma ulimini. Debe lilibaki huko, panga lilibaki huko, katambuga zangu za mpira zilibaki huko. Nilikimbia na gunia peke yake, nikijipigapiga, nikatokea barabarani, mbele ya kizuizi cha mgambo.

"Simama! Mikono juu!"

Aliyekuwa zamu aliitwa Bundala, Msukuma mrefu, mgeni kwetu, ameletwa kutoka kijiji kingine. Siyo mtu mbaya. Jiwekeni mahali pake: wakati wa vita, anatoka porini mtu aliyevaa gunia, kichwa kama boga, jicho moja limeziba, jingine limebaki ufa, midomo imefika puani. Anaulizwa jina, ulimi umejaa kinywa kizima. Nilisema mimi ni Severini wa nyumba ya mwisho karibu na kisima. Nilichokisikia mwenyewe kilikuwa kama ndama anayenyonya.

"Anasema lugha gani huyu?" Bundala akamuuliza mwenzake.

"Siyo ya kwetu," mwenzake akajibu.

Nikajaribu Kisubi, lugha yetu ya nyumbani. Ikawa mbaya zaidi. Nikapunga mikono kuonyesha nyuki. Wakaona naita wenzangu walioko porini. Kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kuwa adui. Wakanifungia kwenye stoo ya kijiji, kwenye magunia ya mbegu, na kusema lori la jeshi likipita nitapelekwa mjini kwa wakubwa, wao watajua la kunifanya. Mwenyekiti wa kijiji hakuwapo, alikuwa mkutanoni Biharamulo. Majirani walikuja kuchungulia dirishani. Mhangaza wangu wa kulia alinitazama sana, akatikisa kichwa. "Sijawahi kuona kiumbe hiki," akasema. Na juzi yake tulikunywa togwa pamoja.

Nilivyoendelea kuonyesha kwa kidevu upande wa nyumba yangu, Bundala akapata akili, akatuma watu wamlete mwenye nyumba hiyo. Akaja Anastazia, mkono mmoja kiunoni, tumbo mbele, amekasirika kwa kutembezwa kwenye jua.

"Mama," Bundala akasema, "huyu anadai kwa ishara kwamba ni wa kwako."

Mke wangu akanitazama. Nikasimama wima. Nikatabasamu, na lile lilikuwa kosa, maana sura ile haikuwa ya kutabasamu.

"Mume wangu yuko shamba la kijiji analima," akasema.

"Mwangalie vizuri mama. Huyu si mumeo?"

"Afande, mume wangu ni mbaya wa sura, sikatai. Lakini hajafika huku." Akageuka. "Na hata angefika, yeye asingekaa kimya hivi. Angekuwa anauliza kama nimekunywa maji."

Nikalia nikimwita jina. Akashtuka kwa mlio ule, akashika mlango, akajikunja. Wanawake waliokuja naye wakamdaka. Nikasikia mmoja anasema, "Uchungu huo! Mpelekeni, mpelekeni! Mwiteni Mama Kristina!" Mama Kristina ndiye alikuwa mkunga wetu. Wakaondoka naye. Mlango wa stoo ukafungwa.

Vijana, mnaniuliza kuhusu wasiwasi. Mimi nimekaa ndani yake siku hiyo, najua ukuta wake. Watoto wawili nimezika. Wa tatu yuko njiani, na mama yake ameshtuliwa na mimi mwenyewe. Lori likija linanipeleka nisikojua. Nilipiga mlango kwa mabega. Nilizunguka magunia. Nilimwambia Mungu maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia Mungu, na bahati ni kwamba ulimi ulikuwa umevimba, huenda alisikia nusu.

Kisha nikasikia sauti nje.

"Nasikia mna mtu aliyeumwa na nyuki." Alikuwa Zakaria.

"Mpelelezi," Bundala akasema. "Unamjua, mzee?"

Mlango ukafunguliwa kidogo. Zakaria akachungulia, akanitazama kwa jicho la mrina asali, kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Simjui," akasema. Alidhani nimemtii, nikangoja. "Lakini miiba bado imo. Niruhusu niitoe."

"Mzee, unamtoa miiba mtu usiyemjua?"

"Kwani miiba inauliza jina?"

"Na kama ni mpelelezi kweli?"

"Basi atakuwa mpelelezi asiye na miiba. Funga mlango, vumbi linaingia."

Akaketi kwenye gunia, akakilaza kichwa changu magotini pake, akaanza kukwangua miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, bila kuibana, maana ukiubana mwiba unajisukumia sumu mwenyewe. Kumbukeni hilo. Nikitaka kusema, ananiambia, "Nyamaza, ndugu, unautikisa uso." Alipofika shingoni akaanza Baba Yetu, kwa Kisubi, polepole kama anavyofanya kazi zake zote. Nikamfuata kwa midomo ile mibovu.

Sasa mimi nina tabia moja tangu ujana. Siwezi kusali na watu bila kuwatangulia. Watu wako kwenye mbinguni, mimi nimeshafika kwenye mkate. Zakaria alishanigombeza kanisani kwa hilo mbele ya watu. Ghafla kidole chake kikasimama shingoni pangu.

"Severini," akasema. "Hata leo unamkimbiza Mungu?"

Nililia kama mtoto. Akapiga mlango. "Afande! Huyu ni Severini, mwanafunzi wangu, nimemjua kwa haraka yake ya kusali, ni mume wa yule mama."

"Mzee," Bundala akasema, "sasa hivi tu umesema humjui. Mkewe amesema hamjui. Nikimwachia, wakubwa wataniuliza nimemtambua kwa kitu gani, niwajibu kwa haraka ya sala? Mkewe akisema ni yeye, nafungua."

"Mkewe anajifungua."

"Basi tumngoje."

Bundala alikuwa na haki. Zakaria hakubishana. "Basi nifungie naye," akasema, akarudi kuketi.

Nilimvuta kanzu. Kwa ulimi uliokuwa umeanza kulegea kidogo nilimwambia niende, nivunje dirisha, niende.

"Ukifika utafanya nini?"

"Ni-nitakuwa pale."

"Utazunguka nyumba. Umewahi kuzalisha? Hujawahi. Mama Kristina amezalisha kijiji. Mkono ni wake leo, wako haukuitwa." Akaendelea kukwangua. "Watoto wale wawili, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Hukulala?"

"Sikulala."

"Wewe kutolala hakukuwazuia kuondoka. Sisemi hivyo kukuumiza. Nasema usijipachike kazi isiyo yako. Mungu aliye kule kwa Anastazia ndiye huyu aliye hapa stoo. Hagawanyiki, wala hangoji wewe ufike ndipo aanze."

Hakuniahidi kwamba mtoto atapona. Liangalieni hilo, maana siku hizi kuna wahubiri wanaoahidi kila kitu. Yeye aliniambia ni nani aliye kule, hakuniambia itakuwaje. Nikabaki na uchaguzi mmoja tu. Nikasema ile sala yake, ile niliyoikimbia asubuhi chini ya mti, na nikaongeza langu: hata mkono nao leo ni wako, mimi umenifunga.

Naandika kitu ambacho mtu asiyejua wasiwasi hatakithamini. Nilipata usingizi. Mchana kweupe, kwenye magunia ya mbegu, mke wangu yuko kwenye uchungu, lori la jeshi linaweza kupita wakati wowote, mimi Severini nikalala, kichwa kwenye magoti ya katekista, na Mzee akaniambia baadaye kwamba nilikoroma. Miaka mingi nilikuwa sijalala hivyo. Sikulala kwa sababu nilijua mambo yatakwenda vizuri. Sikujua. Nililala kwa sababu mzigo ulikuwa umeshachukuliwa na mwenye mabega.

Niliamshwa na vigelegele. Vinatoka upande wa kisima.

Sikuthubutu kuuliza. Nje mwanamke alipita mbio akicheka. Bundala akamsimamisha. "Vipi huko?"

"Mtoto! Mzima, analia kama mwenyekiti wa kijiji! Na mama mzima, anagombeza watu. Amemkumbuka yule mtu wenu. Anasema mume wake hayuko shamba la kijiji, wamemtafuta huko hawamwoni, sasa anauliza yule boga alikuwa na kovu gotini?"

Bundala akaingia, akaniinua gunia gotini. Kovu lipo, la panga, la siku nilipochonga mzinga wangu wa kwanza. Akalishusha gunia. "Ndugu," akasema, "samahani. Ila na wewe, sura ile!" Kisha akaanza kucheka, na mwenzake akacheka, na Zakaria, ambaye sikuwahi kumsikia akicheka msituni wala kanisani, akacheka mpaka akashika ukuta.

Baadaye nilimuuliza Zakaria kwa nini aliingia kumtoa miiba mtu ambaye dunia nzima imeshamkataa, na kabla ya sala yeye mwenyewe hakumjua. Alinishangaa. "Aliumwa sana," akasema. Hakuwa na sababu nyingine. Nimezeeka nikiitafuta nyingine, sijaipata.

Macho yote mawili yalikuwa yamefunga sasa. Zakaria akanishika mkono kunipeleka nyumbani. Mlangoni wanawake wakapiga kelele, "Nani huyo mnamletea mzazi?" Mama Kristina akanizuia kwa mwiko. Nikasikia harufu ya uji, na harufu ya asali ndani yake. Nikauliza imetoka wapi.

"Ya Zakaria," Mama Kristina akasema. "Alileta kibuyu wiki iliyopita. Hukujua?"

Hakuna aliyeniambia. Au waliniambia, mimi nikiwa kwenye mahesabu yangu.

Wakaniachia nipite. Nikaketi chini kando ya kitanda. Kukawa kimya, nikajua Anastazia ananitazama. Nikamsubiri. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe sikumuuliza kama amekunywa maji.

"Bado sikujui vizuri," akasema. "Lakini Zakaria hasemi uongo. Kunja miguu, usije ukamwangusha. Shika mtoto wako."

Wakaniwekea mikononi. Sikumwona, nisingeweza kumwona hata kama ningetaka. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, ana joto, na alikuwa akivuta pumzi mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila mimi kumhesabia.